Kamba Iliyokatika na Mashauri Manne

Nilianguka usiku wa manane, na mashahidi wa kuanguka kwangu hawakuwa wengi. Lakini kulipopambazuka hapakuwa na mtu katika kambi yetu ya Ushongo, kusini ya mlango wa mto Pangani, ambaye hakuwa na rai yake juu ya sababu ya maafa hayo, wala aliyekuwa radhi kungojea zamu ya kuitoa. Machela yangu ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeinunua ikiwa ndani ya kifuko kidogo, pamoja na vipande viwili vya kamba ya plastiki ya buluu, vyembamba kama kalamu ya risasi. Na kwa kuwa siku zote nimedhani kwamba kitanda chema ni kile kilichonyooka, niliikaza baina ya mivinje miwili hata kamba zikalia kama uzi wa zeze zilipoguswa. Nikajitia ndani. Kitambaa kilinibana mabega pande zote mbili kama ganda libanavyo karanga, nikajigeuza mara kadha wa kadha bila ya kupata raha, na yapata saa nane kamba ya upande wa kichwani ikakatika, nikashuka kwa makalio juu ya mzizi.

Nasema machela kwa kukosa neno bora. Wazee wa pwani waliliita hivyo tandiko lililofungwa kwenye mti na kuchukuliwa mabegani, amelala ndani yake mgonjwa au mtu mkubwa. Leo hospitali zimelitwaa jina hilo kwa kitanda cha kubebea majeruhi. Kuna susu pia, ule wavu uliokuwa ukining'inizwa jikoni ili chakula kisifikiwe na paka, na kwa umbo hasa susu ndiyo iliyo karibu zaidi na kitu hiki. Wenyewe wenye asili yake ni Wataino wa visiwa vya Karibi, ambao Columbus aliwakuta wakilala humo mwaka 1492, na Wahispania wakakichukua kitu pamoja na jina lake, hamaca, wakavivusha vyote bahari. Mimi nitabaki na machela, na msomaji anisamehe.

Basi asubuhi ile, mbele ya birika la chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua, kile kipande kilichokatika kiliwekwa juu ya mkeka kama shahidi mbele ya kadhi. Waliokaa kukihoji ni wanne: nahodha wa majahazi aliyekwisha kustaafu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, kijana aongozaye wageni milimani, ambaye mkoba wake ulikuwa na vyuma na kanda za kila namna, na mtu wa nne aliyetumikia misitu maisha yake yote, ambaye kila mtu humwita Bwana Miti, naye muda mwingi wa asubuhi hakuwa amekaa nasi mkekani bali amesimama kwenye mvinje wangu akiupapasa.

Nahodha alikiokota kipande kile, akakisogeza karibu na jicho lake linaloona vyema, akakizungusha.

NAHODHA: Tazameni. Kamba haikukatika katikati, wala haikukatika mtini. Imekatika pale ilipoingia fundoni, na ncha zake zinang'aa, zimeyeyuka kidogo kwa kusuguana. Kamba ikipindwa kwa ghafula, nyuzi za nje ndizo zinazovuta na za ndani zinalala; kwa hiyo fundo lolote huila kamba, na fundo baya huila nusu ya nguvu yake. Na hili, mwanangu, usikasirike, ni fundo la kufungia mbuzi.

Sikukasirika. Lilikuwa fundo la kufungia mbuzi.

NAHODHA: Katika chombo tuna amari ya nanga, tuna henza ya kupandishia foromali, tuna demani ya kushika tanga, na kila kamba ina fundo lake, kwa sababu kila moja huvutwa kwa namna yake na hufunguliwa kwa haraka yake. Mabaharia wa manowari za Kiingereza walilala katika machela hizi kwa karne nyingi, kila mtu akipimiwa inchi 14 za upana, meli ikiyumba nao wakiyumba pamoja nayo, na kilichowatundika kwenye boriti ni kamba na mafundo tu. Mpeni mtu huyu kamba nene iliyo njema, mfundisheni kitanzi kisichokimbia na fundo la kuzungusha mtini mara mbili, basi amekwisha. Kamba ikikatika porini utaiunga. Chuma kikipotea mchangani utakiunga na nini?

KIJANA: Mzee wangu, nakupa haki yako juu ya fundo, lakini umelisamehe kosa lililo kubwa zaidi, nalo ni kamba yenyewe. Hii ni plastiki ya kufungia mizigo; jua huila hata ikawa inapukutika vumbi mkononi, nayo hurefuka polepole ikikaa na uzito usiku kucha. Zipo nyuzi zitengenezwazo Uholanzi kwa jina la Dyneema, nyepesi hata huelea majini, na kwa uzito ulio sawa zinaushinda uzi wa chuma kwa mbali. Kamba yake ya unene wa utambi wa taa humbeba mtu mzima na ziada.

NAHODHA: Naijua. Wenye mashua za mashindano wanazo. Inateleza kama pweza. Ukiipiga fundo hujifungua yenyewe.

KIJANA: Ndiyo maana haipigwi fundo.

Hapo alitoa mkobani kamba ya kijivu, na nakiri kwamba kwa muda wa dakika kumi mjadala ulisimama, kwa kuwa sote tulitaka kukishika kitu kile. Kamba hiyo imesukwa, haikusokotwa, na kati yake ina uwazi kama bomba; mkia wake umeingizwa ndani ya tumbo lake mwenyewe, ukatembea humo kiasi cha shubiri moja, kisha ukatokea upande wa pili. Ukiisukuma sehemu iliyomeza, inanenepa na kulegea, na mkia unapita kwa wepesi, kwa hiyo unaweza kuirefusha au kuifupisha utakavyo. Ukiivuta, inakonda, inaubana mkia kwa urefu wake wote, na kadiri uzito unavyozidi ndivyo inavyozidi kubana. Hakuna pindo kali hata moja, wala nyuzi zinazolala ilhali nyingine zinafanya kazi. Kijana aliiita kamba ya kujimeza. Nahodha aliivuta kwa mikono miwili na mguu, akaisukuma, akaivuta tena, kisha akairudisha bila ya kusema neno, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yake ni sifa kubwa.

NAHODHA: Haya. Na ya kwetu je? Nyuma yetu hapa kuna mkonge wa kutosha kuifunga dunia.

Swali hilo lilikuwa na utani ndani yake, lakini lina historia nitakayoieleza kwa ufupi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika nchini ikiwa hai. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yote ya Tanga. Jina sisal, ambalo Wazungu huuita mmea huu, ni jina la bandari ya Yucatan, nchi ya Wamaya, na Wamaya wa Yucatan hata leo hulala katika machela nyumbani mwao, ambazo zamani zilifumwa kwa nyuzi za mimea ya jamaa hiyo hiyo. Kwa hiyo kamba ya machela ilifika Pangani zamani sana kabla ya machela yenyewe. Lakini hisia za uzalendo haziwezi kumtundika mtu. Mkonge hunywa maji na kuoza kwa ndani pasipo kuonekana, nao una miba myembamba inayosugua kama tupa. Nahodha mwenyewe alikiri kwamba kama ni lazima kamba ya nchi, angetwaa ya usumba wa nazi, ile iliyoshona mitepe ya Lamu, ambayo haiogopi maji ya chumvi ila hunyumbuka mno.

MWALIMU: Nimewasikiliza nyote wawili kwa staha, na sasa naomba niruhusiwe kusema kwamba mnabishana juu ya rangi ya nyumba ambayo msingi wake umepinda.

Akakwangua mchanga kwa kijiti, akachora mistari miwili iliyoshuka kutoka pande mbili na kukutana chini.

MWALIMU: Mwenzetu ana uzito wa kilo 80. Kamba zikishuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila moja huvutwa kwa kilo 80, wala haizidi. Sasa zikazeni. Kwa digrii 15, kila kamba inavutwa kwa kilo 155. Kwa digrii 10, kilo 230. Kwa digrii 5, kilo 460 kasoro kidogo. Na lau mtu angetaka zinyooke kabisa naye yumo ndani, hakuna kamba duniani iwezayo. Jana nilipopita hapa kwenda kuoga niliiona machela hii imetandazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Tuseme kamba ya buluu ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu ya kilo 400. Fundo la mbuzi limekula nusu, zimebaki 200. Pembe inadai 230. Iliyobaki ni saa ngapi tu za usiku.

MIMI: Lakini, Mwalimu, ikilegea si nitalala nimejikunja?

MWALIMU: Hasha. Ikikazwa ndipo unapobanwa, kwa kuwa kitambaa hakina nafasi ya kufunguka. Ikilegea, unalala mshazari, kichwa kushoto kidogo na miguu kulia kidogo, na kitambaa hufunguka chini yako kikawa sawa kama godoro. Wajuzi hufunga ugwe mwembamba juu, kutoka ncha hadi ncha ya machela, wenye urefu wa sehemu 83 katika 100 za urefu wa kitambaa. Machela ya sentimita 335 hupata ugwe wa sentimita 278. Ugwe huo huhifadhi mlegeo uleule hata ukihama miti kila siku. Na pembe huhitaji chombo kuipima: inua dole gumba, lalisha kidole cha shahada, uuweke mkono kando ya kamba. Ikigusa ncha za vidole vyote viwili, haiko mbali na digrii 30.

Nilijaribu pale pale, na msomaji anaweza kujaribu alipo.

KIJANA: Mwalimu, hesabu yako naikubali yote, wala haipingi neno langu. Maana pembe haipatikani mara ya kwanza. Unafunga, unakaa, kitambaa kinashuka, unakuta makalio yamegusa mchanga. Unafungua, unapandisha, unafunga tena. Wageni wangu hufika kambini magharibi wamechoka, na mtu aliyechoka hafungui fundo mara tatu. Analiacha lilivyo.

Neno hilo alilisema kwa kupita tu, akamimina chai. Kwa maoni yangu ndilo lililokuwa neno kubwa la asubuhi ile, na nilishangaa kuona hakuna aliyelidaka. Tunapochagua cha kutundikia machela tunauliza kipi kina nguvu zaidi, na wauzaji hutujibu kwa namba kubwa zilizopigwa chapa kwenye kifuko. Ilhali kamba yoyote ya heshima, katika pembe iliyo sahihi, ina nguvu ya kutosha na kusaza. Tunachokinunua hasa ni wepesi wa kurekebisha, yaani nafasi ya kulisahihisha kosa wakati giza limeingia na mbu wamefika na hakuna anayetaka kusikia habari za pembe.

Kijana aliendelea kuvitandaza vitu vyake. Ulikuwapo mkanda ulioshonwa vitanzi mfululizo, ambao mtu hutia karabina katika kitanzi apendacho. Hata mtoto hujifunza mara moja, lakini ni mzito, na baina ya kitanzi na kitanzi hakuna kitu, kwa hiyo aghalabu hupati kipimo ukitakacho bali kilicho jirani yake. Isitoshe kila kitanzi kimeshikwa na mshono. Ulikuwapo na mkanda mtupu upitao katika bizimu la chuma lililofungwa kwenye machela. Ukiuvuta mkia, machela inapanda. Ukiliinua bizimu, inashuka, hata kwa upana wa ukucha.

NAHODHA: Na bizimu likiteleza?

KIJANA: Huweza kuteleza, mzee wangu, hasa mkanda ukiwa laini mno au ukipitishwa kinyume. Nami huongeza fundo moja la kuvuta nyuma yake.

NAHODHA: Fundo!

KIJANA: Fundo, babu.

Kicheko kilikuwa kirefu. Juu ya nailoni na poliyesta hapakuwa na ubishi wowote: mkanda wa nailoni hunyumbuka, na ukilowa hunyumbuka zaidi, mtu akalala juu ya ardhi kwa dhiraa moja akaamka anaburura; wa poliyesta hukaa ulipowekwa. Tukapita.

BWANA MITI: Mmemaliza?

Hakuwa amepaza sauti. Alituita kwa mkono, tukaenda hadi kwenye mvinje. Katika kimo cha kichwa changu, pale kamba yangu ilipozunguka, gome lilikuwa limechimbwa mfereji mwembamba, na ndani yake palikuwa na unyevu. Alipitisha ukucha humo.

BWANA MITI: Mmeihoji kamba, mmelihoji fundo, mmeihoji pembe. Chini ya gome hili la nje pana njia ambayo chakula hushuka kutoka majanini kwenda mizizini, na chini yake tena pana tabaka jembamba sana ambalo huzaa mti kwa upande wa ndani na gome kwa upande wa nje. Ukilikata pande zote kuuzunguka mti, mti umeshakufa, ila hautakuambia mwaka huu. Kilo 230 za Mwalimu juu ya kamba nyembamba kama kalamu ni msumeno. Kilo hizo hizo juu ya mkanda mpana hugawanyika. Upana wa sentimita 2 na nusu ni wa chini kabisa. Mimi ningetaka 5.

NAHODHA: Na mnazi?

BWANA MITI: Mnazi hauna tabaka hilo, kwa hiyo huwezi kuuua kwa kuuzungushia kamba. Lakini kwa kuwa hauna, hauwezi kupona pia. Kovu utakalolitia leo litakuwapo siku ya kuangushwa kwake. Na kabla ya kulifikiria kovu, Nahodha, tazama juu.

Tukatazama juu. Nazi zilikuwa tayari.

Hapo ndipo mjadala ulipoacha kuwa maneno, kwa sababu Bwana Miti, kwa utaratibu uleule aliokuwa nao katika kila jambo, aliikataa miti yote niliyomwonyesha. Minazi kwa nazi zake na makuti yake makavu. Mvinje mmoja kwa tawi kavu lililoning'inia juu. Mwingine kwa kuwa ulikuwa mwembamba, na yeye hakubali chini ya sentimita 20 kwa kipenyo. Ikabaki mivinje miwili, mizuri, minyofu, iliyosimama mita 3 na nusu tu kutoka huu hadi huu. Kijana akatoa kamba yake ya kujimeza, akaifupisha hadi mwisho wa kufupishika, tukaona kwamba bado ni ndefu: sehemu iliyomeza ina urefu wake ambao haupunguki, na mahali penye miti iliyokaribiana machela inafika ardhini. Nahodha hakusema kitu. Aliitazama bahari.

Tukatwaa mkanda mpana na bizimu. Bwana Miti aliuzungusha mtini mwenyewe, juu kidogo kuliko kichwa changu, Mwalimu akaweka dole gumba na kidole cha shahada, nikakaa, nikashuka, Kijana akavuta kwa urefu wa kidole, nikakaa tena. Kiti changu kikawa sentimita 45 juu ya mchanga, miguu ikigusa chini kama mtu aliyekaa barazani. Kazi yote haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kwa kila bizimu Nahodha alipiga fundo lake la nyuma, akalivuta mkia, likafunguka lote kwa mvuto mmoja, akalipiga tena. Halafu alitoa mfukoni vipande viwili vya uzi wa usumba, akafunga kimoja kwenye kila mkanda karibu na bizimu, mkia ukaning'inia.

Usiku ule mvua ilinyesha kabla ya alfajiri. Chini ya turubai nilinyosha mkono gizani, nikaugusa mkanda: ulikuwa umelowa tangu mtini, na maji yalikuwa yakitembea juu yake kuja kwangu, yakafika kwenye uzi wa usumba, yakageuka, yakadondoka mchangani tone baada ya tone. Nilikuwa nimelala mshazari, mgongo umenyooka, kitambaa kikavu. Nje nilimsikia Mwalimu na Kijana wakibishana kama mkanda wa sentimita 5 unafaa kwa miti minene ambayo huula urefu wake wote katika kuuzunguka, na Bwana Miti akiwaambia walale.

Ile kamba ya buluu sikuiona tena. Nahodha aliikunja siku tulipoondoka, akaitia kapuni, akasema nyumbani kwake Bweni ana mbuzi asiyekaa.